Dai lililojificha ndani ya neno saikedeliki

Tangu Julai 2023 Australia imewaruhusu madaktari bingwa wa akili wenye kibali maalumu kuwaandikia wagonjwa silosaibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, kwa ajili ya sonona iliyokataa dawa nyingine, na MDMA, kemikali ambayo mtaani huitwa ecstasy, kwa watu wanaoteswa na kiwewe. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakataa kuipitisha MDMA kwa kazi hiyohiyo na kutaka utafiti zaidi. Juni 2025 jimbo la Texas likatenga dola milioni 50 za kuichunguza ibogaini, ambayo hutoka kwenye mizizi ya kichaka kinachoota katika misitu ya Gabon. Habari hizi zimefika Arusha na Moshi kama zinavyofika habari nyingi za afya siku hizi, kwa vipande vya video vinavyorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na zote zinabebwa na neno moja: saikedeliki.

Mpwa wangu anayesoma chuo hapa Arusha aliniuliza swali ambalo naamini wengi wanalo: "Mjomba, hizi ni dawa au ni dawa za kulevya?" Mtaani swali hilo lina majibu mawili. Wapo wanaosema ni ulevi uleule uliovalishwa koti jeupe la daktari. Wapo wanaosema ni tiba ya asili iliyofichwa na makampuni makubwa ya dawa, tiba inayomfungulia mtu nafsi yake. Wanabishana vikali, lakini wote wameingia katika kosa moja: wanalichukua neno saikedeliki kana kwamba linaeleza kile ambacho dawa hizi hufanya. Msimamo wangu ni kwamba neno hili halielezi, linadai. Lilitungwa na mtu anayejulikana, katika mwaka unaojulikana, ili kusukuma hoja katika ubishi wa kitabibu, na hoja hiyo mpaka leo haijafikishwa mwisho. Asiyejua habari hiyo ama ataliamini dai bila kuliona, ama atalikataa bila kulisikiliza.

Kabla ya neno hili yalikuwapo mengine, na kila moja lilikuwa na dai lake. Mwaka 1924 Louis Lewin, mtaalamu wa dawa wa Ujerumani, aliviweka vitu kama meskalini, inayotoka kwenye mpungate wa Mexico uitwao peyote, katika kundi alilolipa jina "phantastica", kwa kuwa aliangalia zaidi zile njozi zinazomjia mtu. Kisha ikaja LSD. Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, mjini Basel, aliitengeneza mwaka 1938, na Aprili 1943 akagundua mwilini mwake mwenyewe kwamba chembe ndogo kabisa yake hugeuza kila kitu ambacho mtu anakiona na kukihisi. Madaktari wa akili wa miaka iliyofuata waliipokea kwa matumaini ya aina moja: kwamba inamtia mtu mzima wazimu wa saa chache, hivyo daktari anaweza kuuchungulia ugonjwa wa wagonjwa wake kutoka ndani. Wakaziita dawa hizi kwa jina la Kigiriki lenye maana ya kuiga wazimu. Waliolitumia jina hilo walishaamua, kabla ya kumsikiliza aliyemeza, kwamba alichokiona ni ugonjwa.

Humphry Osmond alikuwa mmoja wao. Daktari huyu Mwingereza alihamia Kanada mwaka 1951 kufanya kazi Weyburn, katika jimbo la Saskatchewan, kwenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Pamoja na mwenzake John Smythies alishuku kwamba mwili wa mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, hutengeneza kitu kinachofanana na meskalini. Baadaye, akiwa na Abram Hoffer, alianza kuwapa LSD walevi sugu. Wazo la awali lilikuwa la kutisha makusudi: mlevi anayeacha pombe ghafla wakati mwingine hupatwa na maluweluwe ya kuogofya, na wapo wanaoiacha moja kwa moja baada ya kuyapitia, basi wao wangemletea maluweluwe hayo hospitalini, chini ya uangalizi. Yaliyotokea hayakufuata mpango. Wengi wa walioacha pombe hawakusema kwamba waliogopa. Walisema wameyaona maisha yao upya. Osmond akabaki na jina lisilotosha, kwa maana kama kitu kinaiga wazimu tu, kwa nini kimwache mtu na akili iliyotulia kuliko mwanzo?

Hapo ndipo anapoingia mwandishi Aldous Huxley, ambaye Osmond alimpa meskalini huko Los Angeles mnamo Mei 1953, akiwa na hofu ya kuingia katika historia kama mtu aliyemtia wazimu Aldous Huxley. Urafiki wao ukaendelea kwa barua, na mwaka 1956 wakaanza kulitafuta jina jipya. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kusikia kwamba walijibizana kwa mashairi. Huxley alipendekeza "phanerothyme" na kulisindikiza kwa beti ya mistari miwili iliyolisifia kwamba linaifanya dunia hii duni kuwa tukufu. Osmond akamrudishia beti yake: ukitaka kushuka mpaka kina cha Jehanamu, au kupaa kama malaika, chukua chembe ya "psychedelic". Mwaka 1957 akalitangaza neno lake mbele ya Akademia ya Sayansi ya New York, akisema amelichagua kwa sababu liko wazi, linasikika vizuri na halijachafuliwa na maana nyingine.

Tazama tofauti ya beti hizo mbili. Ya Huxley ina utukufu peke yake. Ya Osmond ina Jehanamu, tena imetangulizwa. Daktari aliyekwisha kuwaona wagonjwa wakipiga mayowe ya hofu hakuweza kuandika vinginevyo. Wanaolitumia neno hili leo kuuza safari za uponyaji kwa watu wenye fedha wamebaki na malaika, na hawasemi lolote kuhusu upande wa pili wa beti.

Neno lenyewe limejengwa kwa vipande viwili vya Kigiriki. "Psyche" ilianza kwa maana ya pumzi, ikaenea hadi uhai, roho, nafsi na akili. "Deloun" ni kudhihirisha, kukiweka kitu mahali pa kuonekana. Wajuzi wa Kigiriki wamelalamika kwamba kwa kanuni ya lugha ile neno lingepaswa kuwa na "o" katikati, lakini hilo ni jambo dogo. Zito zaidi ni kwamba anayelitafsiri kwa Kiswahili hawezi kukwepa kuchagua, na kila chaguo humpeleka msikilizaji kwa mwenye mamlaka tofauti. Ukisema linadhihirisha roho, umewaita shehe na mchungaji. Ukisema akili, umeita kliniki. Ukisema nafsi, umeacha mlango wazi na kila mtu ataingia na la kwake. Kipande cha pili kina uzito kuliko cha kwanza. Kudhihirisha maana yake ni kwamba kitu kilikuwapo, kimefichika, na sasa kimetolewa nje. Anayesema dawa inadhihirisha nafsi ameshasema kwamba alichokiona mtu akiwa ameimeza ni kweli kuhusu yeye.

Sisi tunalijua dai la namna hiyo vizuri. Mpiga ramli naye husema anafichua: aliyekuloga alikuwapo siku zote, mimi nimekuonyesha tu. Nchi hii ina msemo maalumu, ramli chonganishi, kwa sababu kuna vikongwe waliouawa kwa yale ambayo mtu mmoja aliyaita ufunuo. Sisemi kwamba silosaibini ni ramli. Ninachosema ni kwamba tumelipa gharama ya kutosha kujua kwamba kufunuliwa jambo na kuaminishwa jambo huonekana sawasawa kwa anayefunuliwa, hasa akiwa katika hali ya kulegea na kumtegemea aliye mbele yake. Dawa za kundi hili huiongeza hali hiyo. Anachokiona mtu hutegemea sana alichokuja nacho moyoni, chumba alicholazwa na maneno anayoambiwa, na wataalamu wamelijua hilo tangu miaka ya 1950 na 1960.

Ushahidi wenye nguvu zaidi dhidi ya dai la Osmond unatoka kwa watu waliotumia mimea hii karne nyingi kabla hajazaliwa. Mwaka 1955 Gordon Wasson, afisa wa benki wa New York aliyependa sana elimu ya uyoga, alifika Huautla de Jiménez, kusini mwa Mexico, akashiriki usiku wa ibada na mganga wa Kimazateki aitwaye María Sabina. Wasson alikuwa anatafuta uzoefu. Kwa María Sabina uyoga ulikuwa wa kumjua mgonjwa na ugonjwa wake: nani anaumwa, ameumwa na nini, atapona au hatapona. Wasson alipochapisha habari zake katika jarida la Life mwaka 1957, mwaka uleule wa neno la Osmond, wageni walimiminika Huautla, kijiji kikavurugika, nyumba ya mama huyo ikachomwa moto. Kule Gabon, katika dini ya Bwiti, mtu hupewa iboga ili akutane na wahenga wake na kuvuka kuingia katika jamii ya waliopitia ibada hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema alikwenda kuichunguza nafsi yake binafsi. Wazo la mtu kuwa na undani wake mwenyewe uliofungwa, na tiba kuwa ni kuufungua, ni wazo la kliniki za Ulaya na Marekani za karne ya 20. Osmond alilichukua kutoka kwa wenzake akalipa sura ya Kigiriki, na sura hiyo ikafanya lionekane ni la wanadamu wote na la tangu zama za kale. Neno lina umri mdogo kuliko babu wengi wa Machame.

Kilichofuata kinajulikana zaidi, kwa hiyo nitakipita haraka. Timothy Leary, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifukuzwa huko mwaka 1963 akawa mhubiri wa LSD. San Francisco ikajaa vijana, mabango ya rangi zinazoyeyuka na magitaa yaliyovutwa sauti. Katika muda usiozidi miaka kumi neno lililochaguliwa kwa sababu halijachafuliwa likawa jina la aina ya muziki na mtindo wa mashati. Kwa wengi wetu lilifika hivyo, kama jina la rangi. California iliipiga LSD marufuku mwaka 1966, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 ukaziweka LSD, meskalini, silosaibini na DMT, kemikali nyingine ya kundi hili, katika Jedwali la Kwanza, lenye udhibiti mkali kuliko yote. Utafiti wa tiba ukafifia kwa takriban miongo mitatu.

Sasa nirudi kwa pande mbili za mtaani. Anayesema hizi ni dawa za kulevya ana hoja ya haki. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya haina mzaha, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni za kufyeka bangi Arumeru na mirungi Same, mbele ya macho ya watu wa mikoa hii miwili. Mzazi wa Ngaramtoni aliyemuona mtoto wake akiharibikiwa hana sababu ya kufurahia neno jipya linaloahidi ufunuo. Mtu mwenye asili ya skizofrenia katika ukoo anaweza kudhurika vibaya na dawa hizi, na ndiyo maana majaribio ya hospitali humwondoa mapema. Namsikiliza mzazi huyo. Hoja yake inakuwa dhaifu pale tu anapoongeza kwamba kilichomo katika orodha ya dawa za kulevya hakiwezi kuwa tiba. Mofini imo katika orodha za udhibiti na imo katika hospitali zetu, kwa wagonjwa wa saratani. Ketamini, ambayo vijana wa miji ya Ulaya huitumia vibaya kwenye madisko, ni dawa ya nusukaputi iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wanawake wengi wa vijijini wamefanyiwa upasuaji wa uzazi kwa msaada wake. Dawa ya jamii hiyohiyo, esketamini, ilipitishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya sonona sugu. Mkataba wa 1971 wenyewe umeacha nafasi ya utafiti wa sayansi na matumizi machache ya tiba chini ya kibali. Kwa hiyo "ya kulevya" ni jina la kisheria lenye kazi yake, na kazi hiyo haijumuishi kuamua ugonjwa upi unaponywa na nini.

Upande wa pili una hoja yake nzuri pia: sonona inaua, dawa zilizopo hazimfai kila mtu, na kumkatalia mgonjwa tiba mpya kwa sababu ya aibu ya miaka ya 1960 ni ukatili. Nakubaliana na kila neno. Kinachonikera ni nyongeza inayofuata karibu kila mara, kwamba hii ni ya asili, kwa hiyo ni salama. LSD imetoka maabara ya kampuni ya dawa. MDMA vilevile. Na katika yaliyotoka porini, ibogaini inaweza kuyavuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Watu wa mkoa wa Arusha hawahitaji kukumbushwa ya mbali. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kilichochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Foleni ilifika kilomita nyingi, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Simkejeli marehemu wala waliomwendea, kwani walikuwa wagonjwa wenye matumaini. Lakini mjadala wa taifa ulikuwa juu ya nani anaamini na nani haamini, na swali la kikombe kinafanya nini mwilini, kwa kiasi gani, kwa ugonjwa gani, likabaki nyuma. Ukisikiliza video za saikedeliki leo, unasikia mpangilio uleule wa mazungumzo.

Ushahidi uliopo unastahili kusomwa bila haraka. Dawa za kundi hili, kama LSD na silosaibini, hufanya kazi hasa kwa kushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayobeba ujumbe katika ubongo. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 233 wenye sonona sugu: waliopewa miligramu 25 za silosaibini walipata nafuu zaidi baada ya wiki tatu kuliko waliopewa miligramu 1, lakini maumivu ya kichwa, kichefuchefu na hata mawazo ya kujiua vilijitokeza. Mwaka mmoja kabla, jarida hilohilo lilichapisha jaribio dogo la watu 59 lililoilinganisha silosaibini na dawa ya kawaida ya sonona, na kwa kipimo kikuu kilichokuwa kimepangwa hakukuonekana tofauti ya kutosha. Zaidi ya hayo kuna tatizo ambalo bado halijapata ufumbuzi: katika majaribio haya karibu kila mgonjwa anajua kama amepewa kitu halisi au kidonge kitupu, kwa sababu kuta hazichezi bure, hivyo ni vigumu kujua kama nafuu yake imetoka kwenye dawa au kwenye matumaini. Tatizo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoikwamisha MDMA mbele ya FDA. Lingine lilikuwa la kutisha zaidi, habari ya mgonjwa aliyedhalilishwa katika jaribio huko Kanada na watu waliopaswa kumlinda alipokuwa katika hali ya dawa.

Kutokana na hayo yote naona mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. La kwanza ni la waandishi na watafsiri. Tuliache neno kama lilivyo, saikedeliki, na tusiharakishe kulipa umbo la Kiswahili linalosikika kama ahadi. "Dawa za kufunua nafsi" inapendeza sikioni, na papo hapo imeshamaliza ubishi kwa niaba ya msomaji. "Dawa za maluweluwe" inakosea upande mwingine, kwa kuwa si kila anayetumia huona yasiyokuwapo. Na tutaje kemikali kwa jina lake kila mara. Ketamini, MDMA na silosaibini hazifanyi kazi kwa njia moja ubongoni, na mtu akizikusanya chini ya neno moja hajui tena anaongelea hatari ipi.

La pili ni la hospitali, na ndilo linalonikosesha utulivu. Moshi ina KCMC na taasisi yake ya utafiti wa tiba, Arusha ina Mount Meru, na sitashangaa siku moja mtafiti wa nje akileta ombi la kufanya jaribio hapa, kwani sonona iko kwetu pia na waliokosa tiba ni wengi. Katika majaribio ya nje mgonjwa aliyepewa silosaibini hukaa chumbani saa sita au zaidi, akiwa na wataalamu wawili, baada ya vikao vya maandalizi na kabla ya vikao vya kufuatilia. Tuna madaktari bingwa wa akili wachache mno kwa mpango huo, na ukiupunguza mpango ili utoshee bajeti, umeondoa kile ambacho huenda ndicho kilichowaponya wale walevi wa Osmond huko Kanada. Anayeliamini neno hatalitambua pengo hilo, kwa sababu kwake dawa ndiyo inayofunua na mtu aliyekaa pembeni ni mlinzi tu. Kwa hiyo fomu ya ridhaa ikiletwa mbele ya kamati ya maadili, kwa Kiswahili ambacho mama wa Kibosho atakisoma mwenyewe, naomba ukurasa wake wa kwanza utaje jina la kemikali na kiasi chake, saa ambazo mgonjwa hatakuwa na uwezo wa kujitetea, wale wasiopaswa kuigusa kabisa, na majina ya watu wawili watakaokuwa chumbani naye mpaka dawa imwishe mwilini.